Pima Kwanza Kabla ya Kutuhumu: Kelele za Kompyuta Mahali Tunapofanyia Kazi



Ndugu zangu katika Uislamu, darsa ya ukurasa huu leo ni ya fani ya umeme. Wahariri wameniomba niandike namna ya kupima kelele za umeme zinazotoka katika kompyuta tunazofanyia kazi kila siku. Nimekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza, hii ni elimu yenye manufaa na haihitaji vifaa vya gharama. Ya pili, nina deni. Kipimo changu cha kwanza kilikuwa kibovu, nikakitangaza mbele za watu, na kikamdhuru mtu asiye na kosa.

ILIVYOANZA

Chumba cha jumuiya yetu hapa Bujumbura ni kidogo: meza moja, kabati la vitabu, mkeka, na kompyuta ya mezani tuliyopewa sadaka na kaka mmoja mwenye sekretarieti ya umma kule Buyenzi, yaani duka la kuchapa, kutoa fotokopi na kuskani. Kompyuta hiyo ndiyo tunayorekodia darsa za Alhamisi, kisha tunawatumia ndugu wasioweza kufika.

Wiki chache kabla ya Ramadhani rekodi zikaanza kutoka na mngurumo unaofunika sauti ya shekhe. Siku hizohizo dada katibu akalalamika kwamba akigusa kasha la kompyuta vidole vinamwasha kama anachomwa sindano. Mmoja akasema kompyuta kuukuu hutoa miale inayodhuru mwili. Mwingine akataja majini. Amiri akanigeukia: "Ndugu, wewe ndiye unayesoma umeme. Tuletee jibu."

Nikaleta radio ndogo ya betri, nikaiweka kwenye mawimbi ya kati, nikaisogeza karibu na kompyuta. Ikanguruma. Nikazima swichi ya ekstensheni, ikanyamaza. Nikawasha, ikanguruma tena. Jioni ileile nikasimama kikaoni na kusema: "Ni kompyuta. Ni mbovu, inatoa kelele."

Maneno yale hayakubaki chumbani. Hadi Jumamosi yalikwisha fika Buyenzi yakiwa yameongezewa: kwamba yule kaka ametupa mashine yenye miale, na za dukani kwake ni vivyo hivyo. Baadhi ya wateja wakaanza kumwuliza. Hakuja kugombana. Alimtumia amiri ujumbe mfupi kwamba kama inatudhuru, atakuja kuichukua.

Siku iliyofuata dada katibu aliniuliza swali moja tu: "Kaka, uliizima kompyuta, au uliizima ekstensheni?"

Sikuwa na jibu. Kwenye ekstensheni ile kulikuwa na kompyuta, skrini, taa ya meza na chaja mbili za simu. Nilikuwa nimezima vitu vitano na kukihukumu kimoja.

KOMPYUTA INATOAJE KELELE?

Katika fani yetu, kelele si sauti ya sikioni tu. Ni umeme au wimbi lolote lisilotakiwa linaloingia katika kifaa kingine na kukivurugia kazi. Jambo hilo huitwa muingiliano wa sumakuumeme.

Umeme unaobadilika haraka ndani ya waya huzaa wimbi nje ya waya. James Clerk Maxwell alilieleza hilo kwa hesabu katika miaka ya 1860, na Heinrich Hertz akalithibitisha kwa cheche za umeme kati ya 1886 na 1888. Kompyuta nayo imejaa umeme unaobadilika haraka. Ndani yake mna saa, yaani sakiti inayopiga mapigo kwa kasi isiyobadilika ili sehemu zote ziende pamoja. Pigo hilo huwashwa na kuzimwa kwa ghafla, na hesabu zinatuonyesha kwamba wimbi la namna hiyo halikai kwenye masafa yake peke yake. Wimbi la mraba la megahezi 1 hubeba ndani yake pia megahezi 3, 5, 7 na kuendelea, kila moja likiwa dogo kuliko lililotangulia: theluthi, sehemu ya tano, sehemu ya saba. Mawimbi hayo ya juu tuyaite wazidishi.

Chukua mfano wa kompyuta za mezani za zamani zenye njia ya kadi iitwayo PCI. Saa ya njia hiyo hupiga kwa megahezi 33 na theluthi. Zidisha kwa tatu, unapata megahezi 100, katikati kabisa ya bendi ya FM, inayoanza 87.5 hadi 108. Hakuna aliyekusudia kompyuta iwe kituo cha redio, lakini wazidishi wake wanatua humo.

Chanzo cha pili ni pawa saplai. Za siku hizi, kuanzia ya kompyuta hadi chaja ya simu, hukatakata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde ili transfoma iwe ndogo na nyepesi. Chaja nyingi hukata kwa takriban kilohezi 65, na kuna sababu. Vipimo vya kelele zinazopita kwenye nyaya huanza kwenye kilohezi 150, kwa hiyo mpigo wenyewe (65) na mzidishi wake wa pili (130) hubaki chini ya mpaka. Wanaobaki ni wazidishi wa juu, na hao huangukia kwenye mawimbi ya kati, kuanzia kilohezi 531 na kuendelea. Iliyotengenezwa vizuri ina kichujio cha kuwazuia. Ya bei rahisi mara nyingi kichujio ndicho kinachopunguzwa.

Kelele hizi husafiri kwa njia mbili: kupitia nyaya za umeme, na kupitia hewani. Mara nyingi njia hizo husaidiana, kwa kuwa waya mrefu wa umeme au wa skrini huwa antena. Ndiyo maana kabla ya kulaumu kasha ni lazima utazame nyaya.

SHERIA ZILIZALIWA NA MALALAMIKO YA MAJIRANI

Mwaka 1975 Steve Dompier, kijana wa Marekani, aligundua kwamba kompyuta yake ya Altair 8800 inatoa milio katika redio iliyokuwa karibu nayo. Akaandika programu iliyoifanya milio hiyo iwe wimbo, akawasikilizisha wenzake wa Homebrew Computer Club. Walishangilia, na lilikuwa funzo zuri kwamba kelele hufuata kazi ambayo kompyuta inaifanya.

Majirani hawakushangilia. Kompyuta zilipoingia majumbani mwishoni mwa miaka ya 1970, televisheni za jirani zilianza kujaa mistari. Mwaka 1979 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipitisha sheria ya kuweka mipaka ya kelele za kompyuta. TRS-80 Model I, iliyokuwa maarufu sana, haikuweza kuingia ndani ya mipaka hiyo, na mwaka 1981 utengenezaji wake ulikoma. Upande wa kimataifa kuna kamati ya CISPR, iliyoanza kazi yake mwaka 1934 kwa ajili ya kulinda usikivu wa redio, na mwaka 1985 ikatoa kanuni maalumu za vifaa vya habari. Ulaya ililifanya jambo hili kuwa la lazima kwa vifaa vyote kuanzia Januari 1996.

Mpaka wa FCC kwa kompyuta za majumbani, ukipimwa umbali wa mita 3, ni mikrovolti 100 kwa mita katika masafa ya megahezi 30 hadi 88. Ishike namba hiyo, tutaihitaji baadaye.

Tazameni msingi wake. Fiqhi inatufundisha kwamba haki yako ya kutumia mali yako inaishia pale unapomdhuru jirani. Wahandisi wameuandika msingi huohuo kwa mikrovolti.

VIFAA TULIVYOTUMIA

Maabara rasmi hupima kwenye uwanja wazi au katika chumba kilichofunikwa kuta zinazomeza mawimbi. Kompyuta huwekwa juu ya meza inayozunguka, na antena hupandishwa kutoka mita 1 hadi 4 ili ikamate pembe mbaya kuliko zote. Sisi hatuna hayo. Tulitumia vitu vitatu.

Radio ya betri yenye mawimbi ya kati. Usitumie FM kwa kazi hii, kwa sababu mfumo wa FM umeundwa ili uzibe kelele. Usitumie radio iliyochomekwa ukutani pia, kwani itapokea kelele kupitia waya wake. Fahamu ila moja: radio ina sakiti inayopandisha na kushusha usikivu yenyewe, hivyo ukubwa wa sauti si kipimo cha kuaminika. Kipimo kizuri zaidi ni umbali. Rudi nyuma polepole mpaka kelele ipotee, kisha pima kwa utepe.

Kipokezi cha USB cha televisheni chenye chipu ya RTL2832U. Kuanzia mwaka 2012 watu wanakitumia kama redio ya programu. Hupokea takriban megahezi 24 hadi 1,700, na kwa programu ya bure kama Gqrx unaona kelele kama vilele kwenye skrini. Hakijasawazishwa, kwa hiyo hakikupi mikrovolti za kweli. Kinakupa tofauti: kilele kimepanda au kimeshuka kwa desibeli ngapi. Kumbuka kwamba desibeli 6 ni sawa na nguvu ya wimbi kuongezeka mara mbili, na desibeli 20 ni mara kumi.

Simu ya kurekodia na programu ya Audacity, ambayo huchambua rekodi na kuonyesha masafa yaliyomo ndani ya mngurumo.

HATUA ZA KUPIMA

Hapa ndipo penye darsa yenyewe.

Kwanza, pima ukimya. Chomoa kila kitu chumbani, usikilize, uandike. Hiyo ndiyo hali ya mahali kabla ya mtuhumiwa kuletwa. Pasipo kipimo hiki, vipimo vingine vyote havina maana.

Pili, chagua masafa matupu yasiyo na kituo, na usiyabadilishe ovyo. Sauti ya radio ibaki palepale na upande wake uelekee palepale. Antena ya mawimbi ya kati ni kijiti cha feraiti kilicholala ndani ya radio, na ukiigeuza radio kelele hubadilika hata kama hakuna kilichobadilika chumbani.

Tatu, badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Chomoa plagi ya kitu hicho peke yake. Usizime swichi ya wote, kama nilivyofanya mimi.

Nne, kirudishe, uone kama kelele inarudi. Fanya hivyo mara tatu, kwa mpangilio tofauti kila mara.

Tano, jizibie macho. Mimi niligeukia ukuta na radio yangu, dada katibu akawa anachomeka na kuchomoa bila kuniambia, huku akiandika. Ninaposikia mabadiliko naandika saa. Mwisho tukalinganisha karatasi mbili. Mtu akijua kipi kimezimwa, sikio lake humsikilizisha anachokitarajia.

Sita, pima kwa umbali tofauti: nusu mita, mita 1, 2, 4. Karibu na chanzo kidogo nguvu ya wimbi hushuka kwa kasi sana. Ukizidisha umbali mara mbili inaweza kubaki sehemu moja ya nane. Mbali zaidi, ukizidisha mara mbili hubaki nusu. Mpaka kati ya hali hizo mbili ni urefu wa wimbi ukigawanywa kwa 6.28. Kwa megahezi 1, ambayo urefu wake ni mita 300, mpaka uko karibu mita 48. Maana yake chumba chetu kizima kiko ndani ya eneo la karibu, na hatua moja ya mguu ina tofauti kubwa.

Saba, andika palepale: saa, mahali, kilichokuwa kinafanya kazi. Usitegemee kumbukumbu.

Njia hii ya kubadili kimoja kimoja si ngeni kwetu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mnamo 965 na kufariki Cairo mnamo 1040, aliweka taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza, zikatokea nuru kadhaa ukutani. Akaziba taa moja, ikatoweka nuru iliyoelekeana nayo tu, na alipoifunua ikarudi. Kwa hiyo akajua kila nuru ni ya taa ipi. Laiti ningelikumbuka hilo siku ile ya kwanza. Nilichofanya mimi ni kuzima taa zote kwa mpigo, kisha kunyoosha kidole kwenye moja.

TULICHOKIPATA CHUMBANI

Mngurumo wa radio ulitoweka tulipochomoa chaja moja ya simu, ile ndogo isiyo na jina. Kompyuta ilikuwa ingali ikifanya kazi. Radio yetu husogea kwa kilohezi 9 kila hatua, na kelele zilisikika sana kwenye 585, 648, 711 na 783. Tofauti kati yake ni 63, 63 na 72, wastani wa 66. Zidisha 65 kwa 9, 10, 11 na 12, unapata 585, 650, 715 na 780. Hao ni wazidishi wa chaja inayokata kwa kilohezi 65, wakisomwa na radio inayoruka hatua za 9. Ilikuwa kama alama ya kidole.

Lakini tulipoitoa chaja ile, rekodi ya darsa iliendelea kunguruma. Hapo niliona kosa langu la pili: nilipima kelele ya radio, nikahukumu kelele ya rekodi, bila kuuliza kama ni kitu kimoja. Audacity ilionyesha vilele kwenye hezi 50, 100 na 150. Hizo ni za umeme wa ukutani wenyewe na wazidishi wake. Chaja haimo, na saa ya kompyuta haimo.

Tukaikagua ekstensheni. Soketi zetu za ukutani zina pini ya ardhi inayochomoza nje na kuingia katika tundu la plagi. Plagi ya ekstensheni ile ilikuwa ya nyaya mbili tu. Waya wa ardhi haukuwamo kabisa.

Pawa saplai ya kompyuta ina kapasita mbili ndogo zinazounganisha nyaya mbili za umeme na kasha la chuma. Kazi yake ni kupeleka kelele ardhini. Ardhi ikikosekana, kapasita hizo hugawana volti 220 na kuliacha kasha likielea kwenye takriban nusu yake, yaani 110. Mkondo wake ni mdogo, unawasha vidole tu. Hivyo ndivyo dada katibu alivyochomwa na sindano zisizoonekana, na umeme huohuo uliingia kwenye waya wa maikrofoni na kunguruma katika darsa.

Tulibadili ekstensheni, tukaweka yenye waya wa ardhi. Vidole havikuwasha tena. Mngurumo ukapotea.

Na kompyuta je? Haikuwa malaika. Ilitoa kelele zake za kukwaruza, zilizobadilika kila tulipofungua faili kubwa, kama Altair ya Dompier. Lakini kwa radio yetu zilikoma kabla ya kufika mita moja. Tuliisogeza maikrofoni mita moja na nusu, hatukuzisikia tena.

BUYENZI

Alhamisi iliyofuata nilisimama kikaoni, mbele ya watu walewale, nikasema kwamba nilichosema wiki iliyopita hakikuwa sahihi, na nikaeleza kwa nini. Kesho yake, baada ya swala ya Ijumaa, mimi na amiri tulikwenda Buyenzi.

Yule kaka alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Kompyuta haikukudhuru, wala mimi. Wewe umenidhuru kwa ulimi. Sasa njoo kesho upime na hizi, wateja wakiwepo."

Jumamosi nikaenda. Tulizima umeme wa duka zima ili nipime ukimya. Radio ikapiga kelele kali, ikanyamaza, ikapiga tena. Wateja wakaanza kutazamana. Nikatoka nje. Katika gereji ya jirani kulikuwa na fundi akichomelea mlango wa gari. Kila cheche yake ilikuwa wimbi. Kama ningeanza na kompyuta zikiwa zimewashwa, ningemhukumu ndugu yangu mara ya pili. Tulingoja adhuhuri, mafundi waliposimama kwa swala na chakula, ndipo nikapima.

Kati ya kompyuta tatu, moja ilikuwa na vilele vikubwa karibu na megahezi 100. Ubavu wa kasha lake ulikuwa umeondolewa ili ipate hewa. Kasha la chuma ni sehemu ya kinga, si pambo. Tulisafisha vumbi la feni, tukarudisha ubavu, vilele vikashuka kwa takriban desibeli 10, yaani vikabaki kama theluthi.

Jambo jingine: kipanya chake kisicho na waya kilikuwa kikirukaruka kila anaponakili faili kutoka diski ya nje. Wengi wenu mmeyaona hayo. Vifaa vya USB 3.0 hupeleka gigabiti 5 kwa sekunde, na kelele yake pana hufika hadi kwenye gigahezi 2.4, masafa ya vipanya hivyo na ya Wi-Fi. Kampuni ya Intel iliandika ripoti juu ya hilo mwaka 2012. Dawa ni kukitenga kipokezi cha kipanya na soketi ya diski, hata kwa waya mfupi wa USB. Tulifanya hivyo, kipanya kikatulia.

JE, MWILI UNADHURIKA?

Mteja mmoja aliuliza swali ambalo nadhani nanyi mnalo. Tulijibu kwa hesabu.

Kamati ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya namna hii, ICNIRP, imeweka kiwango cha takriban volti 28 kwa mita kwa watu wa kawaida, katika masafa yanayozunguka yale ya FM. Mpaka wa kompyuta tuliousoma juu ni mikrovolti 100 kwa mita, yaani 0.0001 ya volti. Gawanya 28 kwa 0.0001: unapata 280,000. Kompyuta iliyo mpakani kabisa, kwa mita 3, iko chini ya kiwango cha afya mara laki mbili na elfu themanini.

Utasema: mimi siketi mita 3, naketi nusu mita. Kweli. Tukadirie kwa ukali, kwamba kila umbali ukipungua nusu nguvu inazidi mara nane. Kutoka mita 3 hadi nusu mita ni mara sita, na sita kwa sita kwa sita ni 216. Unapata kama 0.02 ya volti kwa mita, bado chini ya kiwango zaidi ya mara elfu moja.

Mwaka 2011 shirika la IARC liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi 2B, yaani kwamba huenda yakawa na uhusiano na saratani na ushahidi ni mchache. Msingi wake hasa ulikuwa tafiti za simu za mkononi zinazowekwa sikioni, si kompyuta za mezani.

Basi kelele inayovuruga radio ni jambo moja, na madhara ya mwili ni jambo jingine. Radio husikia mikrovolti ambazo mwili hauna habari nazo. Hatari ya kweli chumbani kwetu haikuwa miale. Ilikuwa ule waya wa ardhi uliokosekana. Siku waya wa moto ungekatika na kugusa kasha, pasingekuwa na njia ya kupeleka umeme ardhini ili fyuzi ikatike, na dada yetu angeweza kupoteza maisha. Sote tulikuwa tukijadili miale na majini, na yule aliyesema "vidole vinaniwasha" ndiye aliyekuwa ameshika ushahidi.

LA KUFANYA KATIKA CHUMBA CHAKO

Kagua ekstensheni na adapta zote. Isiyo na waya wa ardhi isitumike kwa kompyuta ya kasha la chuma. Mwite fundi apime ardhi ya soketi, usifungue mwenyewe.

Chomoa chaja moja moja huku radio ikiwa karibu. Inayopiga kelele kwa mita nyingi, iondoe.

Usiache kasha la kompyuta wazi.

Nyaya za maikrofoni zisilale sambamba na za umeme. Zikilazimika kukutana, zikatane kama msalaba wa njia.

Ule uvimbe mgumu ulio kwenye baadhi ya nyaya za skrini ni feraiti ya kuzuia kelele. Usiukate.

NENO LA MWISHO

Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, Mwenyezi Mungu anatuamrisha kuhakikisha khabari inayoletwa, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Nilikuwa naisoma nikidhani inamhusu mleta uvumi wa mtaani. Sikujua kwamba hata radio yangu ndogo ni mleta khabari, na kwamba anayeshika chombo cha kupimia anahitaji kuhakikisha zaidi, kwa kuwa watu humwamini bila kumwuliza. Nami najuta kwa lile neno la jioni ile. Yule kaka amenisamehe. Kompyuta yake ingali mezani kwetu, na darsa za Ramadhani zilitoka safi, alhamdulillahi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kuzima swichi ya ekstensheni si ushahidi dhidi ya kompyuta?
2. Radio inanguruma kwenye kilohezi 600, 700, 800 na 900. Chanzo chake kinakata umeme kwa kilohezi ngapi?
3. Kelele iliyo kwenye hezi 50 na 100 katika rekodi inakuelekeza wapi kwanza?
4. Katika chumba chenu cha jumuiya, ni plagi ngapi hazina ardhi? Usijibu kwa kukisia. Nenda ukahesabu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.